Injini ya Kaka Yangu

Mambo mengi ya dunia huonekana mepesi mpaka mtu ayatie mkono. Kufungua kitu kilichofungwa ni kazi ya mtoto; kukirudisha kama kilivyokuwa ni kazi ya mtu mzima. Maneno haya niliyasikia mara nyingi tangu utoto wangu, walakini sikujua uzito wake mpaka siku nilipoketi chini ya banda la makuti, nimezungukwa na vipande vya injini, bila ya kukumbuka kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

Kwetu ni Kibuyuni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, karibu na Shimoni, katika Kaunti ya Kwale. Maji ya bamvua yanapotoka, wanawake hushuka pwani kuifunga mbegu ya mwani katika kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Baada ya wiki sita hivi huvuna, wakaanika mavuno yao juu ya vichanja. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Magunia ya mwani mkavu, kamba, samaki wa wajomba zangu, na wagonjwa waliopelekwa hospitali ya Msambweni, vyote hivyo kwa miaka mingi vilibebwa na pikipiki moja, mali ya kaka yangu mkubwa.

Kaka aliinunua mwaka 2009. Ilikuwa ya muundo ule uliotolewa na Honda mwaka 1976 kwa jina la CG125, ambao baadaye uliigwa na watengenezaji wengi. Inasemekana, na umbo la injini yenyewe lathibitisha, kwamba wahandisi walioibuni waliwakumbuka watu wa nchi ambazo barabara zake ni mbaya na waendeshaji wake hawana desturi ya kuzitunza pikipiki zao. Kwa hiyo valvu zake huinuliwa na fito mbili za chuma, badala ya cheni ambayo ingehitaji kukazwa kila mara. Ni injini yenye subira. Lakini kila subira ina mpaka wake.

Mwishoni mwa mwaka 2014, nilipokuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne na kungoja matokeo, saa ya pikipiki ile ilisoma kilomita 83,000 na zaidi. Umbali huo ni kuizunguka dunia yote katika ikweta mara mbili. Nami nilipopiga hesabu ya kukadiria niliona jambo la ajabu zaidi. Katika kila mzunguko mmoja wa injini, pistoni hupanda na kushuka karibu sentimita kumi. Na katika kila kilomita moja injini huzunguka kama mara elfu tano. Basi pistoni ile, ambayo haijapata kutoka katika tundu lake, ilikuwa imesafiri humo kiasi cha kilomita elfu arobaini: nayo imeizunguka dunia mara moja, gizani, katika moto.

Haikuwa ajabu, basi, kuwa imechoka. Ilitoa moshi wa rangi ya buluu nyuma yake, ikanywa oili kama mlevi anywavyo tembo, na kilima cha njia ya kutokea barabara kuu iliyokuwa ikikipanda kwa mzaha sasa ilikipanda kwa kukoroma. Abiria walianza kuikimbia. Kaka alichoka nayo. Akasema, "Nitaiuza kwa watu wa chuma chakavu, nikope fedha ninunue mpya." Mama aliposikia neno kukopa alinyamaza, na sisi watoto wake twajua kimya kile maana yake ni nini.

Mjomba wetu ndiye aliyelikata shauri. Alikuwa mzee aliyetengeneza injini za mashua tangu ujana wake, na wakati ule macho yake yalikuwa yamepungua nuru. Alisema, "Chuma hakifi, mwanangu, huchakaa. Tupe wiki mbili, mimi na huyu mdogo wako. Yeye atakuwa macho yangu, nami nitakuwa akili yake." Kaka alicheka, akakubali. Wiki mbili, wala si siku zaidi. Bamvua ijayo ikifika na pikipiki haijasimama, itauzwa.

Tulifanya kazi katika banda la nyavu kando ya nyumba. Kabla sijashika spana, Mjomba alinitaka nitandike gunia safi, nipange vibati vya maziwa mstari mmoja, na kila nilichofungua nikitie katika kibati chake kwa zamu. Nikaona ni kupoteza wakati, nikatii kwa adabu tu. Tukaondoa tangi, kabureta na bomba la moshi. Tukafungua kichwa cha silinda. Kisha tukaivuta silinda yenyewe taratibu, pistoni ikabaki uchi juu ya mkono wake.

Mjomba aliniambia niingize kidole ndani ya silinda na kupitisha ukucha kutoka juu kwenda chini. Karibu na mdomo wa tundu ukucha wangu ulikwama katika ngazi ndogo. "Hapo juu ringi hazifiki," alisema, "kwa hiyo chuma kimebaki kama kilivyozaliwa. Chini yake kimeliwa." Nikauliza kimeliwa na nini. Akaniamuru nilete chujio la hewa. Lilikuwa limechanika, na katika mikunjo yake mlikuwa na mchanga mweupe wa pwani yetu. Injini hupumua kama sisi tupumuavyo. Na yule avutaye vumbi miaka mitano hana budi kukohoa. Chujio la bei ndogo lilikuwa limeiharibu silinda ya bei kubwa.

Yafaa nieleze kwa ufupi kazi ya ringi hizo, kwa kuwa habari yote ya injini imo humo. Pistoni haigusani na silinda kwa ukamilifu. Ingalikuwa hivyo, ingalikwama mara tu ipatapo moto na kutanuka. Pengo lililobaki huzibwa na ringi tatu za chuma zenye tabia ya kujitanua. Mbili za juu huzuia nguvu ya mlipuko isivuje. Ya tatu hukwangua oili ukutani na kuirudisha chini. Zikilika, nguvu hupotea kwa chini na oili hupanda kwa juu ikaungua: ndio ule moshi wa buluu.

Mjomba, ambaye alipenda sana habari za mafundi, alinisimulia ya Soichiro Honda. Bwana huyo, kabla ya kuanzisha kampuni yake ya pikipiki mwaka 1948 huko Hamamatsu, Japani, alijaribu katika miaka ya 1930 kutengeneza ringi za pistoni. Alishindwa, kwa sababu hakuijua elimu ya vyuma. Hata alipozitengeneza kwa wingi na kuchagua hamsini za kupeleka kwa Toyota zikaguliwe, tatu tu ndizo zilizokubaliwa. Hakuona haya, alikwisha kwenda kuketi darasani pamoja na vijana, mtu mzima mwenye kazi yake, akajifunza kile alichokikosa. "Kwa hiyo," alisema Mjomba, "usiidharau ringi. Imemrudisha shuleni mtu mkubwa kuliko wewe."

Nilipanda matatu mpaka Likoni, nikavuka kwa feri, nikaipeleka silinda kwa fundi wa kukereza vyuma Mombasa. Akaipanua kidogo sana, kiasi cha robo ya milimita, ipate kupokea pistoni mpya iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza kwa kipimo hicho hicho. Ndani yake aliacha mikwaruzo myembamba iliyopishana kama nyuzi za mkeka. Nilidhani ni kazi mbovu. Nikaambiwa kuwa mikwaruzo ile ndiyo inayoshika oili, na kwamba ukuta laini kama kioo ungekauka na kuunguza pistoni.

Niliporudi tulisaga valvu katika vikalio vyake kwa dawa ya kusagia, nikizungusha kijiti baina ya viganja vyangu mpaka vikaota malengelenge. Kila mara nilisema, "Mjomba, sasa imetosha," na kila mara alimimina mafuta ya taa katika tundu la valvu na kungoja. Yakipita hata tone moja, nilianza tena. Siku ya tatu hayakupita. Tuliipima kila ringi ndani ya silinda, tukazipanga mapengo yake yasielekee upande mmoja. Hivyo siku zikapita, na bamvua ikawa kesho.

Jioni hiyo Mjomba alikwenda msikitini kuswali magharibi. Aliniachia agizo: nisifunge pistoni kabla ya kuziba kwa kitambaa mdomo wa kasha la chini la injini. Upepo wa kaskazi ulikuwa umetulia, joto lilikuwa kali, na mimi nilitaka akirudi akute kazi imekwisha. Nikaiweka pistoni juu ya mkono wake, nikapitisha pini, nikaanza kutia vipete viwili vinavyoizuia pini isitoke. Cha kwanza kiliingia. Cha pili, ambacho si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, kiliruka kutoka katika koleo. Nilisikia mlio mmoja mdogo, kisha kimya. Kitambaa kilikuwa begani kwangu.

Nilitafuta juu ya gunia, katika mchanga, katika vibati, kwa kurunzi na kwa vidole. Sikukiona. Ndipo shetani aliponijia kwa sauti ya upole. Aliniambia kuwa kwa yakini kipete kile kimerukia nje mchangani. Kwamba kipete cha zamani kimo katika kibati chake, na nikikitia hakuna atakayejua. Kwamba kesho ni bamvua, na kaka atauza pikipiki, na Mama atabeba deni. Kila neno lilikuwa na sura ya kweli. Nilikitwaa kipete cha zamani, nikakishika mkononi. Nikajiona nikisikia pikipiki ikinguruma asubuhi na watu wakinipongeza. Kisha nikamwona kaka amebeba mama mja mzito usiku kwenda Msambweni, na kipande cha chuma kikiingia kati ya meno ya gia.

Mjomba aliporudi alinikuta nimekaa kimya. Nikasema, "Mjomba, nisamehe. Sikutia kitambaa. Kipete kimepotea, na sijui kama kimo ndani au nje." Nilingoja kukaripiwa. Yeye alivua kanzu yake, akaikunja, akasema, "Lete ile spika ya redio iliyokufa." Akanifundisha kuisugua bisibisi ndefu kwa sumaku ya spika, upande mmoja tu, mara nyingi, mpaka bisibisi yenyewe ikapata nguvu ya sumaku. Kisha niliiteremsha katika kasha, kidogo kidogo, nikazunguka kila pembe. Mara nne ilitoka mitupu. Mara ya tano ilitoka na kipete kwenye ncha yake, kinang'aa kwa oili.

Mikono ilinitetemeka. Nikataka kukitia mara moja; Mjomba akakataa. Kilikuwa kimepinda, na kipete kilichopinda hakina nguvu ya kushika, wala cha zamani hakifai kurudishwa, kwa kuwa kimekwisha choka. Tulihitaji kipya, na kipya kilikuwa Ukunda.

Asubuhi kaka alikuja kama tulivyoagana. Nilimweleza yote bila kupunguza neno. Aliitazama injini iliyo wazi, akaniuliza, "Ungenyamaza, mimi ningejuaje?" Nikamjibu, "Usingejua mpaka barabarani." Alikaa kitambo, akaingiza mkono mfukoni, akanipa nauli ya Ukunda. Hakutaja tena habari ya chuma chakavu.

Siku ya tatu tuliifunga injini, tukikaza bolti za kichwa kwa mkingamo, kidogo kidogo, na kuweka nafasi ya valvu iliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kaka aliipiga teke mara tatu. Ya nne iliitika. Ilitoa moshi mchache wa oili tuliyopaka wakati wa kufunga, kisha hewa nyuma yake ikawa safi. Mama alikuwa kwenye vichanja. Alisimama, akageuka, akaendelea kugeuza mwani wake. Kwa kilomita mia tano za mwanzo kaka aliiendesha polepole, ringi na ukuta vipate kuzoeana. Kisha tukamwaga oili ile, tukatia nyingine, na chujio jipya. Iliwatumikia watu wa kwetu miaka minne zaidi.

Mjomba sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Katika kisanduku changu cha spana kimo kipete kilichopinda, ambacho mtu mwingine angekitupa. Nikiona uvivu wa kutandika gunia na kupanga vibati, hukitazama. Kwa maana injini haina huruma wala haina hila: hurudisha kile ilichotiwa. Aliyetia mchanga huvuna moshi, na aliyetia uangalifu huvuna safari. Kosa langu la jioni ile lilikuwa dogo kama ukucha. Lakini laiti ningalilificha, lingalikua ndani ya chuma, mahali nisipoliona, mpaka siku ya kumdhuru mtu asiyelijua.