Profesa

Leo nina kisa cha aibu, na aibu yenyewe ni yangu.

Mjomba alituletea kompyuta kuukuu. Ndani yake mlikuwa na mchezo uitwao Cave Story, ambao Mjapani Daisuke Amaya aliutengeneza peke yake kwa miaka 5, akautoa bure mwaka wa 2004. Shujaa anazinduka pangoni katika kisiwa kinachoelea angani, asijue hata yeye ni nani. Niliucheza likizo nzima ya Agosti hadi nikaumaliza. Kisiwa kiliporomoka, na Curly, msichana roboti aliyenipa hewa yake nisife maji, alibaki kule kule. Iliniuma, lakini nilijipiga kifua. Nimemaliza!

Kumbe wapi!

Mdogo wangu yuko gredi ya 4. Mama alinikabidhi kazi ya kumsomesha, maana kusoma kulikuwa kumemshinda. Badala ya kumfunza nikawa namwita "Profesa", tena mbele ya wenzake, nao wakacheka. Naye akaanza kucheza mchezo ule. Maneno yakitokea, yeye hubonyeza tu yapite.

Sasa, katikati ya mchezo kuna Profesa Booster, anayeanguka shimoni mbele ya macho yako. Mimi nilishuka mbio kumwona, kama mtu yeyote aliyelelewa. Alinipa chombo chake cha kurukia, akakata roho. Mdogo wangu aliliruka shimo akaenda zake.

"We! Huna hata huruma?" nikamfokea.

Siku tatu baadaye napita nyuma yake, lahaula! Profesa yu hai, tena anampa chombo bora kuliko changu. Ukimpita, anajiokoa mwenyewe. Tena ile kamba ya kumfungia Curly mgongoni huipati kama ulisimama. Nani angebahatisha hayo? Rafiki yangu anasema katika Castlevania: Symphony of the Night, ya mwaka wa 1997, usipovaa miwani fulani vitani, kasri nzima ya pili huioni. Miwani, jamani! Angalau miwani haikuadhibu kwa wema wako.

Lakini mdogo wangu naye alikwama. Alimbeba Curly hadi kibanda kimoja chini ya maji, akamlaza kitandani, basi. Jinsi ya kumtoa maji mwilini imeandikwa katika vitabu vya mle ndani, kwa Kiingereza. Usiku alikuja kitandani kwangu.

"Kaka, nisomee. Atakufa."

Ulimi uliniwasha niseme lile jina. Nikaona machozi, nikanyamaza. Tulikaa mbele ya kompyuta, kidole chake juu ya kila herufi, mama akituita tulale nasi tunaitika tu. Neno moja lilimchukua dakika nzima. Alilisoma mwenyewe.

Baada ya hapo kulikuwa na uyoga wa makaburini wa kumrudishia Curly kumbukumbu, na kijumba kidogo mwishoni ambacho mimi nilikipita bila kukijali. Kisiwa chake hakikuanguka.

Nami nimeanza upya. Jana nilifika kwenye shimo lile. Profesa akaanguka. Mdogo wangu alikuwa begani kwangu akipiga kelele, "Ruka, kaka! Ruka!"

Nikashuka.