Wavu Si Mto

Nilizaliwa Uthiru, nikasoma Kabete, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi kikanipokea Chiromo, idara ya zuolojia. Hayo yanatosha. Sasa nimestaafu, lakini vijana bado huniletea rasimu za tasnifu zao nyumbani, na nyingi zina kosa lile lile nililolipiga vita tangu ujana wangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwalimu wangu hakuanza na takwimu. Alinishusha hadi Mto Nairobi, unaopita pale pale chini ya bewa, akasema: "Nyavu kumi katika kidimbwi kimoja zitakueleza habari za kidimbwi hicho. Za mito hazitakueleza." Akanichoresha ramani: Mto Nairobi ukitoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo upande wa Kileleshwa, Motoine ukitoka msitu wa Dagoretti. Ukitaka kujua makazi ya watu yanawafanyia nini samaki wa mito hii, alisema, basi kinachohesabiwa ni mto.

Vituo vya kutega tulivipigia kura. Namba ziliandikwa kwenye vijikaratasi, vikakunjwa na kutiwa katika kikombe cha bati. Ukishachomoa umechomoa, hurudishi karatasi kwa kuwa kituo kina tope au kiko mbali na barabara. Na kabla ya wavu wowote kulowa, ilibidi nimchoree jedwali la matokeo likiwa tupu, nimweleze kila safu itajibu swali gani.

Baadaye nilifanya kazi katika mradi uliotaka kujua kama majitaka hupunguza samaki. Nyavu zote zilitegwa katika mto mmoja, nusu juu ya bomba la majitaka na nusu chini yake, na kila wavu ukaandikwa kuwa sampuli huru. Nilipinga kwa maandishi. Msimamizi akajibu kwamba pesa za petroli haziruhusu mito mingine. Mpaka leo nasema ziliruhusu: punguza nyavu kwa kila mto, ongeza mito. Mto ukiteremka hupanuka, maji hupata joto, na samaki hubadilika hata pasipo bomba lolote. Utajuaje kilichowaondoa? Ripoti ilipokelewa. Jina langu halimo, kwa ombi langu.

Jambo hili mwanaikolojia Stuart Hurlbert wa Marekani alilianika mwaka 1984. Alichambua tafiti 176 za majaribio, na miongoni mwa zile zilizotumia takwimu za kupima dhana, asilimia 48 zilikuwa zimehesabu marudio ya uongo, kama vile nyavu za mto mmoja zikihesabiwa kana kwamba ni mito mingi. Wala tusiambiwe kwamba kazi safi haiwezekani kwetu. Mpala, Laikipia, tangu 1995 kuna viwanja 18 vya hekta 4 kila kimoja. Uzio na wachungaji ndio wanaoamua nani aingie kula: ng'ombe, wanyamapori wengine, au tembo na twiga pamoja nao. Kuna mipangilio sita, na kila mmoja umerudiwa mara tatu katika maeneo matatu tofauti. Waliopanga walifikiri kabla ya kuchimbia nguzo ya kwanza.

Vijana wangu, mnakuja kwangu data ikiwa imeshakusanywa, mnaniomba niiokoe kwa programu ya kompyuta. Hakuna programu inayogeuza mto mmoja ukawa sita. Njooni kabla ya kwenda mtoni, na mniletee jedwali likiwa bado tupu.