Karatasi za Ramani

Nyumba moja huzaliwa katika karatasi nyingi. Moja huonyesha msingi, ya pili vyumba, ya tatu sura ya mbele, ya nne mkato wa kuta, ya tano kenchi na paa. Kila moja hubeba namba, jina, kipimo na tarehe, kama msafiri abebavyo cheti.

Zamani mbunifu majengo alipouhamisha mlango mmoja, aliufuta na kuuchora upya katika kila karatasi ulimoonekana. Programu ya Revit, iliyotoka mwaka 2000, imemwondolea taabu hiyo. Jengo ni moja ndani ya kompyuta, na karatasi zote huchota humo; badiliko la mahali pamoja hutokea pote.

Walakini uwezo huo hukoma karatasi ikishachapwa. Huko Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, ambako maporomoko huanguka mita 170 na masika hushusha maji katika bonde la Kilombero, fundi hujenga kwa karatasi iliyo mkononi mwake. Ikiwa sakafu imeinuliwa katika kompyuta ili kuepa mafuriko, na karatasi ya kale ingali kwa fundi, nyumba itakaa chini, na mwenye nyumba atalipa kosa hilo kila masika.

Basi mbunifu aandike toleo na tarehe. Msimamizi aweke orodha ya karatasi zilizotolewa. Na mpya ifikapo, ya kale iondolewe siku ile ile. Uangalifu huo ni nafuu kuliko kubomoa ukuta.