Neno ploti huku Kitengela

Zama zile nilipokuwa kijana, mtu akilitaja neno ploti huku Kitengela aghalabu alikusudia kiwanja cha duka kando ya barabara ya Namanga, maana kwingineko kote kulikuwa malisho, yaliyomilikiwa kwa pamoja na Wamasai katika ranchi iliyosajiliwa kwa sheria ya mwaka 1968, ng'ombe wakila nyasi pamoja na nyumbu waliotoka katika mbuga ya Nairobi pasipo ua wa kuwazuia. Kila boma lilikuwa na olopololi yake, malisho ya akiba ya ndama na mifugo wagonjwa, walakini hata hiyo haikuwekewa jiwe la mpaka.

Mwaka 1988 ranchi ile ya hekta 18,292 iligawanywa baina ya wanachama 215. Kisha vikaja viwanda vya Athi River vya kuuza bidhaa ng'ambo, pamoja na umati wa wafanyakazi waliotafuta pa kulala, na ploti ikapata maana ya pili: safu za vyumba vya kupanga, mlango ukitazamana na mlango, bomba moja uani, hata mtoto akiulizwa kwao hujibu, "Kwa ile ploti ya geti la kijani." Vijana nao hulitumia kwa maana ya mpango wa jioni.

Lakini maana iliyozitawala zote ni ile ya futi 50 kwa 100, karibu thumuni ya eka. Namkumbuka mzee mmoja jirani yetu, aliyezoea kuipima ardhi kwa mwendo wa ng'ombe kwenda majini, siku dalali alipomwonyesha vigingi vinne, akasimama katikati, akazunguka polepole, akauliza, "Sasa mwanangu, ng'ombe atageukia wapi hapa?"

Tangu mwaka 2000 palikuwa na mradi wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa eka kila mwaka ili wasizungushe ua wala kuigawa. Naliona lilikuwa jambo la hekima, nami nasikitika kwamba malipo hayo hayakuweza kushindana na bei ya dalali.

Leo kuta nyingi zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ploti hii haiuzwi, kwa kuwa wako waliouziana kiwanja kimoja mara mbili. Ukishuka kuelekea Isinya na Kajiado mjini utasikia watu bado wakitaja shamba la fulani kwa eka zake, ingawa mabango ya ploti yamekwisha kufika huko pia.