Mdudu alimuuma mara moja, kucha zikamaliza kazi

Wiki hii ninaandika juu ya kosa langu mwenyewe.

Kijana wangu wa miaka mitatu aliumwa na nyigu mguuni, chini ya mwembe wetu hapa Uvira. Nikampaka dawa ya meno, kama tulivyopakwa sisi tukiwa wadogo, nikarudi kusahihisha kopi za wanafunzi. Siku mbili alijikuna mchana na usiku, na kucha zake zilikuwa ndefu, zimejaa udongo. Siku ya tatu nikaona usaha. Jirani akanipa kapsuli iliyobaki kwake. Nikaifungua, nikanyunyiza unga wake juu ya kidonda.

Na ni mimi ninayefundisha somo la usafi wa mwili!

Nilisita kwenda kituo cha afya kwa sababu mshahara ulikuwa haujafika. Siku ya tano mtoto alikuwa na homa kali, hakutaka kukanyaga chini, na tezi za kinena zilikuwa zimevimba. Nikakopa kwenye likelemba yetu, nikambeba mgongoni.

Muuguzi hakunigombeza. Alichora alama kwa kalamu kuzunguka sehemu iliyovimba, akasema: "Mama, uvimbe ukipita hapa, umrudishe hata kama ni usiku." Akanieleza kwamba maumivu ya nyigu huisha yenyewe, usaha unaletwa na vijidudu vinavyoingia mtoto anapojikuna. Vikiachwa, vinaweza kufika kwenye damu. Tena, hata kidonda kikipona, niendelee kumwangalia kwa majuma kadhaa: uso ukivimba asubuhi, au mkojo ukiwa na rangi ya chai kali, huenda figo zimeguswa, nisingoje.

Alimeza dawa zote mpaka siku ya mwisho, akapona.

Siku hizi mdudu akimuuma mtoto, ninaosha kwa maji safi na sabuni, ninaweka kitambaa cha maji baridi, ninakata kucha. Dawa ya meno, majivu na unga wa kapsuli nimeviacha. Na kama midomo inavimba au mtoto anapumua kwa shida mara tu baada ya kuumwa, hapo ni kukimbia kituoni bila kungoja hata dakika.

Deni la likelemba nimelilipa. Ningeenda siku ile ya kwanza ya usaha, lingekuwa dogo, na mtoto asingeteseka vile.