Redio ya Marehemu Baba

Marehemu baba yangu alikuwa koplo wa polisi huko Jinja, mji uliopata umeme wa bwawa la Owen Falls mwaka wa 1954. Miaka minne baadaye alinunua redio ya sanduku la mbao, yenye taa za kioo ambazo mafundi huziita valvu. Nilipostaafu kazi ya mawasiliano jeshini mwaka wa 2012, mama aliniita akasema, “Mwanangu, umetengeneza redio za serikali miaka yote. Ya baba yako je?” Ilikuwa kimya tangu mwaka wa 1979.

Nilipoiwasha ilivuma kama mzinga wa nyuki. Kosa hilo nalijua: kapasita kubwa za mkebe, ambazo kazi yake ni kuutuliza umeme kabla haujafika kwenye valvu, hukauka maji yake ya ndani. Nikatia mpya za volti 450, nikichunga upande wa chanya na wa hasi, maana ukizigeuza hupasuka. Mvumo ukakoma. Kiburi kikaniingia.

Palisalia kapasita moja ndogo ya karatasi na nta, ya mikrofaradi 0.01, fupi kuliko kidole. Ilionekana nzima kabisa, nami nikaiacha. Kapasita hiyo hupitisha sauti kwenda kwenye valvu ya mwisho na kuuzuia umeme mkali usiifuate. Lakini karatasi ikisha kunyonya unyevu kwa miaka mingi, huvujisha. Volti chache tu za chanya zikifika kwenye gridi ya valvu hiyo, mkondo huzidi kiasi, valvu ikachemka, na transfoma ya spika ikabeba mzigo usio wake.

Tulisikiliza taarifa ya habari kwa dakika ishirini hivi, mama akitabasamu. Kisha sauti ikakwaruza, pakanuka vanishi iliyoungua, pakawa kimya. Waya wa transfoma ulikuwa umekatika. Mama alifungua dirisha, akasema, “Basi. Hata baba yako alikuwa na pupa.” Afadhali angenigombeza.

Miezi saba nilimtafuta fundi wa kusuka transfoma ndogo kama ile. Wengi husuka mota za vinu tu. Katika muda huo nilibadilisha kapasita zote za karatasi, nikatia za plastiki za volti 630. Zile za ulanga sikuzigusa, kwani aghalabu hudumu.

Ndugu msomaji mwenye redio au televisheni ya zamani ya valvu, usidhani kwamba kuchomoa plagi kunatosha. Kapasita kubwa huweza kushika mamia ya volti baada ya umeme kukatwa. Mimi huzimwaga kwa rezista ya omu 2,200 na wati 5, iliyofungwa kwenye nyaya zenye ganda, kisha hupima kwa mita, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Watoto wasiwe karibu. Kuna fundi aliyenifundisha kugusisha bisibisi. Cheche zake zilinitosha siku moja.

Transfoma iliporudi, nilifunga kila kitu, nikawasha, nikaweka mita kwenye gridi ile. Mshale haukuondoka penye sifuri. Nikangoja saa nzima, nikapima tena, ndipo nikamwita mama.