Barafu na Maji Moto Yanatosha
Wasee wa maabara, tuongee ukweli. Kikundi chetu cha mradi kinataka tungoje wiki mbili zamu ya mashine ya kupiga bakteria shoti, ndio wameze plasmidi, ile pete ndogo ya DNA. Mimi nimekataa. Plasmidi yetu ni fupi na tuko nayo ya kutosha. E. coli wakishalowekwa kwa kalsiamu kloridi, wachanganye nayo kwa barafu nusu saa, maji ya nyuzi 42 sekunde 45, halafu barafu tena. Ni hayo tu. Kweli, shoti huingiza DNA kwa seli nyingi zaidi. Lakini chumvi ikibaki, cheche inaruka na sampuli imeenda. Hiyo muachie anayesaka jeni moja kati ya mamilioni. Sisi koloni chache zinatosha tumalize shule. Ama mnasemaje?